Ukinyimwa ruzuku ya chuo Minnesota: rufaa ya kipato si rufaa ya ukaazi

Kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi na wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Minnesota, wengi wao wakiwa Wakongomani waliopitia kambi za Tanzania, Kenya au Burundi, kujaza fomu za misaada ya masomo. Jambo ninalokutana nalo mara nyingi ni barua ya rufaa iliyoandikwa kwa uchungu na kwa ufasaha, lakini inayojibu swali ambalo chuo hakikuuliza. Mwanafunzi amekataliwa kwa sababu ya ukaazi, naye anaeleza kurasa mbili jinsi baba yake alivyopunguziwa saa za kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, mwulize ofisa wa misaada ya fedha chuoni ni kigezo gani hasa kilichokukwamisha, na uombe jibu la maandishi. Katika ruzuku ya jimbo, yaani Minnesota State Grant, chuo chenyewe ndicho kinachopima ukaazi wako na kukokotoa kiasi unachostahili, ndiyo maana rufaa huanzia pale chuoni. Uliza pia ni msaada upi ulionyimwa. Mpango wa North Star Promise, yaani mpango wa jimbo wa kusoma bila kulipa ada, ulioanza muhula wa vuli wa 2024 katika vyuo vya umma na vya makabila ya Wenyeji, una ukuta wa kipato cha familia: kikifika dola 80,000, hupati. Ruzuku ya jimbo, kwa upande wake, haina ukuta wa namna hiyo, bali hupungua kidogo kidogo kadiri uwezo wa familia unavyopanda. Kukosa ule wa kwanza si kukosa huu wa pili.

Nianze na ukaazi, kwa sababu ndipo haki za watu wetu zinapopotea zaidi. Karibu kila mtu ameambiwa kwamba lazima uishi jimboni miezi 12 kwanza. Sharti hilo lipo, tena lina mtego: miezi hiyo haihesabiki ikiwa ulikuwa umejiandikisha chuoni kwa krediti zaidi ya tano katika muhula wowote. Lakini hiyo ni njia moja tu kati ya kadhaa zilizowekwa na sheria ya jimbo, na inatosha kutimiza moja. Mwanafunzi tegemezi, ambaye kwa kawaida ni yule aliye chini ya miaka 24, hajaoa wala kuolewa na hana mtoto anayemtunza, anahesabiwa mkaazi ikiwa mzazi wake anaishi Minnesota wakati wa kuomba. Aliyehitimu sekondari ya Minnesota akiwa anaishi hapa naye ana njia yake.

Kisha kuna kifungu ambacho nimeona hata maofisa wazoefu wakikisahau: mkimbizi aliyehamia Minnesota alipowasili Marekani, na ambaye ameendelea kuishi hapa, ni mkaazi kwa ajili ya ruzuku bila kungoja mwaka. Ushahidi wake ni hati ya I-94, yaani kumbukumbu ya kuingia Marekani, inayoonyesha hadhi ya ukimbizi, barua ya shirika lililowapokea, na mkataba wa pango wa mwanzo. Angalia I-94 yako vizuri, kwani mahali pa kuingilia nchini panaweza kuwa Chicago au Newark, na msomaji mwenye haraka akadhani uliishi huko. Andika sentensi moja kueleza kwamba hapo mlibadilisha ndege tu. Waliopokelewa kwanza Texas au Kentucky na kuhamia hapa baadaye hawafunikwi na kifungu hiki, nao watumie njia ya mzazi, ya shule au ya miezi 12. Tena usichanganye ukaazi wa ruzuku na ukaazi wa ada, kwa kuwa mtu anaweza kutozwa ada ya mkaazi na bado akanyimwa ruzuku.

Kipato kina mantiki nyingine kabisa. Fomu ya FAFSA, yaani fomu ya serikali ya shirikisho ya kuomba msaada wa masomo, hutazama kodi ya miaka miwili nyuma, hivyo ombi la mwaka wa masomo 2026–27 linasoma kipato cha 2024. Mama aliyefanya kazi za ziada katika kiwanda cha nyama mwaka ule, kisha akaachishwa kazi, anaonekana kwenye fomu kana kwamba bado analipwa vilevile. Hapo hakuna kosa la kusahihisha. Unachoomba ni ofisa atumie mamlaka aliyopewa na sheria ya shirikisho kurekebisha takwimu kwa mazingira ya pekee. Chuo hakiruhusiwi kuwa na msimamo wa kukataa maombi yote ya namna hii, ila hakilazimiki kukubali la kwako. Barua iwe fupi: tarehe ya mabadiliko, kipato cha zamani, kipato kinachotarajiwa mwaka huu, na viambatisho kama barua ya kuachishwa kazi, hati za mshahara za mwisho, ritani ya kodi, au ankara za hospitali ambazo bima haikulipa.

Naulizwa sana kuhusu fedha tunazowatumia ndugu walioko katika kambi za Nyarugusu au Kakuma. Ni mzigo halisi, lakini haupunguzi kipato kwenye ritani, na mdogo wako aliyebaki kambini kwa kawaida haingii katika hesabu ya kaya. Utaje ukipenda, usiujengee hoja.

Ukikataliwa kwa ukaazi na unaamini kifungu kimesomwa vibaya, omba mkuu wa ofisi ya misaada ya fedha alitazame ombi lako upya, kisha iandikie Ofisi ya Elimu ya Juu ya Minnesota inayosimamia ruzuku hii. Uamuzi wa chuo juu ya mazingira ya pekee ya kipato hauwezi kutenguliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani. Hata hivyo uamuzi huo haukifungi chuo kingine, na ukihamia kwingine unaweza kupeleka karatasi zilezile zikaamuliwa upya.