Umetolewa mtoto wa jicho? Usisubiri tarehe ya kliniki jicho likibadilika

“Kadi inasema nirudi wiki ijayo, nitavumilia.” Dhana hii imewagharimu uoni watu ambao upasuaji wao ulikwenda vizuri kabisa. Maambukizi ndani ya jicho baada ya kutolewa mtoto wa jicho ni nadra, kwa kawaida hayafiki wagonjwa 2 kati ya 1,000. Yakiingia, hata hivyo, siku moja au mbili zinatosha kuharibu retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Mengi hujitokeza ndani ya siku 10 za mwanzo. Tarehe ile ya kliniki imepangiwa jicho linalopona. Likirudi nyuma, nenda leo.

Wengine hutulia kwa sababu bandeji ilipofunguliwa kesho yake daktari alisema jicho ni safi. Alisema kweli, ila bakteria walikuwa bado hawajaongezeka.

Hatari zaidi ni hii: “Haliumi, basi hakuna tatizo.” Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1995 ulikuta kwamba takribani robo ya wagonjwa wa maambukizi haya hawakuwa na maumivu. Karibu wote waliona ukungu. Kwa hiyo pima uoni wenyewe. Kila asubuhi kaa kwenye kiti kilekile, ziba jicho la pili kwa kiganja bila kulikandamiza, utazame kalenda ileile ukutani. Jana ulisoma tarehe, leo zimefifia? Hiyo ni dharura. Kama unamuuguza bibi asiyesoma, mwoneshe vidole ahesabu, kila siku kwa umbali uleule. Angalia pia wekundu unaoongezeka, kope kuvimba, kuumizwa na mwanga, au mstari mweupe wa usaha kwenye ukingo wa chini wa sehemu nyeusi ya jicho. Wekundu kidogo na kukwaruza kama mchanga siku za mwanzo ni kawaida, mradi vinapungua.

“Nitanunua matone duka la dawa.” Tafadhali usifanye hivyo. Ugonjwa uko ndani, na antibayotiki inabidi ichomwe ndani ya jicho lenyewe. Matone yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, isiyoua bakteria) yanaweza kufifisha wekundu kwa muda huku bakteria wakiendelea na kazi. Maziwa ya mama, asali na maji ya majani huongeza vijidudu kwenye kidonda kibichi.

Wapo pia wanaolaumu uchafu wa hospitali na kukataa kurudi. Mara nyingi bakteria hao hutoka kwenye kope za mgonjwa mwenyewe, ndiyo maana jicho huoshwa kwa ayodini kabla ya kupasuliwa.

Ukungu unaokuja polepole baada ya miezi, bila wekundu wala maumivu, mara nyingi ni utando nyuma ya lenzi, nao husafishwa kwa leza. Huo unaweza kusubiri miadi. Ule wa ghafla, hata kama ni usiku, nenda hospitali yenye daktari wa macho. Beba kadi na matone unayotumia, na pale mapokezi anza na maneno haya: “Nimepasuliwa jicho juzi, na uoni umepungua.”