Kwa nini busta ya roketi hawaiachi ioge baharini

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni metali, na hasa kutu. Kijana mmoja wa maabara yetu aliniuliza: busta za roketi za Florida, yaani zile sehemu zinazoisukuma roketi mwanzoni kisha zikaachana nayo, zikishuka, kwa nini wahangaike kuzitua juu ya tishari na bahari yote iko pale? Si wazishushe kwa parashuti, zielee, zivutwe?

Wamarekani walifanya hivyo hasa kwa busta za chombo cha anga cha Space Shuttle, kuanzia 1981 hadi 2011. Wazamiaji waliziba mdomo wa chini kwa plagi kubwa, wakajaza hewa ndani mpaka maji yakatoka, busta ikalala juu ya maji, kisha meli Liberty Star au Freedom Star ikaivuta hadi Cape Canaveral. Huko ilioshwa, ikafunguliwa, vipande vikapanda treni kwenda Utah. Mimi nawavulia kofia wazamiaji wale kuliko kompyuta yoyote. Lakini busta ile ilikuwa bomba la chuma kinene lililojazwa fueli ngumu, bila pampu za kusukuma fueli. Chuma cha namna hiyo hustahimili kuoga, mradi kisuguliwe upesi.

Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX ambayo busta yake hutua juu ya tishari, si hivyo. Matangi yake ni aloi ya alumini na lithi, yenye kuta nyembamba. Chini kuna injini 9 zenye pampu za kasi kubwa, na vyumba vya moto vimetandikwa aloi ya shaba kwa sababu shaba huhamisha joto haraka. Alumini hujilinda kwa utando wa oksidi. Kloridi, iliyomo ndani ya chumvi ya bahari, huutoboa, na kila kitundu huchimba kwenda ndani bila kuonekana juu. Sisi wa viwanda vya shaba tunaijua hali hiyo: kloridi ikipanda kwenye elektroliti, yaani kimiminika tunachopitishia umeme kupata shaba, hata makumi machache ya miligramu kwa lita, tunaanza kuhofia bamba za chuma kisichoshika kutu ambazo shaba hugandia. Maji ya bahari yana gramu 19 hivi za kloridi kwa lita! Tena alumini ikigusana na shaba ndani ya chumvi, zinakuwa betri, na inayoliwa ni alumini.

Basi kwa nini baharini? Roketi huruka kuelekea mashariki juu ya Atlantiki. Busta ikiachana na sehemu ya juu inakwenda kwa kasi kubwa, na kugeuka kurudi pwani kunakula fueli. Mzigo ukiwa mzito fueli hiyo haipo, kwa hiyo tishari linaifuata mbele, mamia ya kilomita. Injini 3 huwaka kupunguza kasi inapoingia hewani, kisha moja kwa kutua. Hata hiyo moja, ikipunguzwa hadi mwisho, ina nguvu kuliko uzito wa busta iliyokaribia kuwa tupu. Haiwezi kuning'inia, kasi lazima ifike sifuri palepale sakafuni. Waliweza kuitua juu ya tishari mara ya kwanza tarehe 8 Aprili 2016.

Kutua hakumalizi safari. Desemba 2023, busta B1058, iliyowarusha wanaanga Bob Behnken na Doug Hurley mwaka 2020, ilitua salama kwa mara ya 19, halafu upepo na mawimbi vikaiangusha njiani kurudi. SpaceX ilisema busta mpya zaidi zina miguu inayojisawazisha. Hata hivyo, mawimbi yakizidi kule lilikosimama tishari, urushaji huweza kuahirishwa ingawa anga ya Florida ni safi.