Stesheni ya anga za juu haiachwi tu ikae: ama unaisukuma ama unaishusha

Kila nikiweka picha ya ISS, ile stesheni ya kimataifa ya anga za juu wanakoishi wanaanga, ikipita juu ya Njiro kwenye grupu letu la wapenda anga hapa Arusha lazima mtu aulize swali lilelile, kwamba kwa nini wanataka kuizamisha baharini mali ya gharama vile wakati wangeweza kuiacha ielee hukohuko, au waipandishe juu zaidi iwe makumbusho. Juzi mdau mmoja wa Moshi kaja kwa ukali kabisa, "mwalimu, huu si ufujaji?" Nimejibu vipande vipande kwenye simu mpaka vidole vimechoka, basi naandika hapa mara moja. Mimi nafundisha fizikia na mizingo ya satelaiti ndo nilichosomea, kwa hiyo mada hii naipenda kupita kiasi, mnivumilie.

Naona shida inaanzia kwamba tunaifikiria stesheni kama pagale. Huku kwetu mtu anajenga mpaka kwenye linta, hela inakata, anaacha, anarudi baada ya miaka saba anakuta tofali zake zipo, labda na mbuzi wa jirani ndani, anapaua maisha yanaendelea. Obiti, yaani njia ya kuizunguka Dunia, haina huo uvumilivu. ISS iko juu kama kilomita 400 na kitu, yaani Arusha mpaka Dodoma kwa njia ya Babati, na hapo bado kuna hewa, nyembamba mno lakini ipo, na kitu cha tani 420 kinachokimbia kilomita 28,000 kwa saa lazima kiisikie. Inashuka wastani wa kilomita 2 hivi kwa mwezi, jua likichachamaa hewa ya juu inatanuka na inashuka haraka zaidi, ndo maana kila baada ya muda injini zinawashwa kuirudisha juu, kazi ambayo kwa miaka mingi imefanywa zaidi na vyombo vya mizigo vya Warusi, Progress. Ukiacha kusukuma umeshaamua ianguke, ila hujaamua wapi.

Mjadala wa tumalize kuijenga au tuache haukuanza leo pia. Februari 2003 Columbia, mojawapo ya Shuttle (vyombo vya Marekani vyenye mabawa vilivyobeba watu na mizigo), ilipasuka ikirudi, wanaanga saba wakafa, Shuttle zote zikapigwa stop na stesheni ikiwa nusu tu imejengwa. Wafanyakazi wa juu wakapunguzwa kutoka watatu mpaka wawili, kwa sababu Progress peke yake isingetosha kupeleka maji na chakula cha watatu, na walikuwa wakienda na kurudi kwa Soyuz, chombo cha Kirusi cha kubeba watu. Kuna watu wazito tu Marekani walisema jamani tuache, hela inaliwa. Lakini maabara ya Wazungu, Columbus, na ile ya Wajapani, Kibo, zilikuwa zimeshatengenezwa au ziko mbioni, na hakuna roketi nyingine iliyopangwa kuzibeba zaidi ya Shuttle. Januari 2004 Rais Bush akatangaza wamalize stesheni kisha Shuttle zistaafu. Columbus ikapanda Februari 2008, Kibo ikafuata vipande vipande mpaka 2009, na Shuttle ya mwisho ilitua Julai 2011. Mimi naona walifanya sawa kumaliza, ila angalia kilichoamua: gari la kubebea. Waliokuwa wanabishana kuhusu thamani ya sayansi walikuwa wanabishana pembeni.

Na mfano wa kuacha tupo nao, Skylab, stesheni ya kwanza ya Wamarekani. Watu wa mwisho walitoka Februari 1974, wakaiacha juu na matumaini kwamba Shuttle ikishakamilika itaenda kuisukuma. Jua likawa kali kuliko walivyokadiria, Shuttle ikachelewa, na tarehe 11 Julai 1979 zile tani 77 hivi zikaanguka, nyingine Bahari ya Hindi nyingine Australia Magharibi, ambako halmashauri ya Esperance iliwapiga NASA faini ya dola 400 kwa kutupa taka (nawapenda hao watu). Shuttle ya kwanza iliruka Aprili 1981. Karibu miaka miwili gari limechelewa.

Sasa hilo la makumbusho, maana ndo linalopendwa. Tuseme unataka kuitoa kilomita 400 uipeleke 800 ambako hewa haitaisumbua kwa muda mrefu sana. Chukua chaki. Kupanda hivyo kunataka uongeze mwendo kama mita 217 kwa sekunde kwa jumla, inasikika kidogo, ila unazidisha kwa tani 420, na kwa injini za mafuta ya kawaida ya huko juu inakuja tani 33 na ushee za mafuta. Progress moja inabeba mzigo wote jumla tani 2.5 hivi, na si wote mafuta. Halafu ukifika 800 umeipeleka wapi? Kwenye jalala! Mwaka 2009 satelaiti ya Iridium na ya Kirusi iliyokufa ziligongana kwenye urefu wa kama kilomita 790, na 2007 Wachina walilipua satelaiti yao wenyewe kwa majaribio juu kidogo ya hapo, vipande vingi bado vinazunguka. Unaweka kitu kipana kama uwanja wa mpira katikati ya hivyo vipande, bila mtu ndani, bila wa kukikwepesha. Siku kikigongwa unapata maelfu ya vipande vipya na wote wenye satelaiti wanalia.

Kuifungua na kuirudisha vipande? Ilikwenda kwa safari 37 za Shuttle pamoja na maroketi ya Kirusi, na sasa hakuna chombo chenye bodi ya kubebea moduli (chumba kimoja cha stesheni) ya tani kumi na kuitua salama. Hilo limekwisha.

Inabaki kuishusha kwa kuiongoza, na hapa ndo watu wengi hawajaona ugumu uliko. Ili uiongoze lazima iwe bado inatii. Kuna kakorido nyuma ya moduli ya Zvezda, ambayo iko juu tangu 2000, na kakorido hako ndo njia ya kwenda mlango ambao Progress inafunga kwa ajili ya kusukuma. Kuanzia 2019 kakaonekana kanavuja hewa, wamezibaziba nyufa miaka na miaka, na wakati fulani ilibidi mlango wake ufungwe wasipokatumia. Yaani kiungo kinachougua ni kilekile unachokitegemea. Na Julai 2021 moduli mpya ya Nauka iliwasha injini zake yenyewe baada ya kufungwa, stesheni nzima ikajizungusha mara moja na nusu kabla hawajaituliza. Hiyo na watu wakiwa ndani, mitambo ikiwa mizima.

Ndo maana Juni 2024 NASA waliwapa SpaceX, kampuni ya maroketi ya Elon Musk, mkataba wa mpaka dola milioni 843 watengeneze chombo maalumu cha kushushia, yaani chombo chao cha Dragon kilichoongezewa sehemu ya nyuma yenye injini nyingi, jumla 46. Mtu anauliza nguvu yote hiyo ya nini kama inaanguka yenyewe. Ni kwa sababu ya msukumo wa mwisho: ukiwa mdogo mdogo stesheni inapara hewa taratibu, inameguka ovyo na vyuma vinatapakaa njia ya maelfu ya kilomita usiyoichagua. Unataka uipige breki moja ya nguvu iingie kwa mwinuko unaoujua, paneli za jua zing'oke kwanza, kisha moduli ziachane, na vyuma visivyoungua vidondoke Pasifiki ya kusini karibu na Point Nemo, sehemu ya bahari iliyo mbali kabisa na nchi kavu, ambapo ardhi iliyo karibu iko kilomita 2,688. Mir, stesheni ya Warusi, ilishushwa hivyo Machi 2001, tani kama 130, ikaenda vizuri. Hii ni zaidi ya mara tatu.

Februari 2025 Elon Musk akasema ishushwe ndani ya miaka miwili, wengine wanataka ikae hata baada ya 2030, mwaka uliopangwa. Wote mi naona wanashika mwaka badala ya kushika chombo. Kushusha kabla hakijafika ni kubahatisha, na kuongeza miaka wakati kakorido kale kanazeeka ni kubahatisha vilevile. Mimi ningekipeleka mapema, kifungwe, kijaribiwe, hata kikae mwaka mzima bila kazi, halafu ndo tubishane kuhusu tarehe. Warusi wenyewe wameahidi kushiriki mpaka 2028 tu, kwa hiyo kutegemea Progress mpaka mwisho si mpango.

Yule wa Moshi aliniuliza pia, ikianguka bila kuongozwa sisi tupo kwenye njia yake? Tupo. Inazunguka kati ya nyuzi 51.6 kaskazini na kusini, na Arusha iko kama 3 na nusu kusini. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi, mita 2.5 upana, ilidondoka kijiji cha Mukuku kule Makueni, Kenya, ng'ambo tu ya Kilimanjaro, na hiyo ilikuwa kipande kimoja cha roketi. Mkataba wa 1972 unasema nchi iliyorusha ndo inalipa madhara ya ardhini, na Wasovieti waliwahi kulipa Kanada dola milioni 3 za Kikanada kwa satelaiti ya Kosmos 954 iliyoanguka 1978 na nyuklia ndani. Kanada walikuwa wamedai milioni 6.