Chang'aa haigeuki sumu kwa kupikwa vibaya

Kila pombe inapoua watu kijiji kizima, siku hiyo hiyo naulizwa swali lile lile, tena na watu waliosoma: "Kwani huyo mama aliipikaje?" Wanaamini methanoli, ile alkoholi yenye sumu inayopofusha, ilizaliwa chunguni, mpishi akazembea, hakumwaga matone ya kwanza yanayodondoka, wateja wakapofuka. Kemia ya pombe ndiyo kazi yangu, na imani hii imenichosha. Inamtia hatiani mpishi, na aliyetia sumu anaenda zake.

Upishi wa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, hauna siri. Kangara, yaani mchanganyiko wa maji na mahindi na kimea, au siku hizi sukari guru na molasi, inaachwa ichachuke, kisha inawekwa motoni. Magharibi mwa Kenya wapishi wa zamani huning'iniza chungu kidogo ndani ya kikubwa, juu ya kangara, wakafunika mdomo kwa sufuria ya maji baridi na kuziba kingo kwa udongo. Mvuke unagonga kitako cha sufuria, unapoa, unadondoka. Pipa na bomba la shaba hufanya kazi ile ile. (Rejeta ya gari usiiguse. Maungio yake yana risasi, na risasi huingia kwenye pombe.)

Methanoli ya asili hutokana na pektini, ile inayogandisha jemu. Mahindi, mtama na sukari vina pektini kidogo mno, kwa hiyo chang'aa ya mahindi haina pa kuitoa methanoli ya kuua. Ndizi za waragi, pombe kali ya Uganda, na mabibo (matunda ya mkorosho) ya nipa, pombe kali ya Mtwara, zinayo zaidi. Haya, tupige hesabu kwa matunda basi. Umoja wa Ulaya huruhusu pombe kali ya matunda iwe na hadi gramu 10 za methanoli kwa kila lita ya ethanoli halisi (ile alkoholi ya kawaida ya kunywa), na zaidi kidogo kwa matunda fulani. Chupa ya mililita 750 yenye nguvu ya asilimia 40 ina mililita 300 za ethanoli, yaani methanoli isiyozidi gramu 3. Atakayeimaliza peke yake ataangushwa na ethanoli kwanza, na hiyo ethanoli ndiyo inayozuia ini lisiigeuze methanoli kuwa sumu kwa haraka.

Sasa hayo matone ya kwanza. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7, ethanoli 78.4, maji 100. Mtu akiisoma jedwali hiyo anahitimisha kwamba methanoli hutoka yote mwanzoni, unaimwaga, kwisha. Sivyo! Nyuzi hizo ni za kimiminika kikiwa peke yake. Ndani ya kangara vyote vimechanganyika, sehemu kubwa ni maji, na maji huishikilia methanoli kuliko yanavyoishikilia ethanoli. Chungu cha kawaida hakiwezi kuzitenganisha. Methanoli hutoka tangu tone la kwanza hadi la mwisho, na mwishoni, ethanoli inapopungua, uwiano wake unaweza hata kupanda. Kinachojaa mwanzoni ni asetaldehidi na ethili asetati, ile harufu ya vanishi na kichwa kuuma asubuhi. Mwaga kwa sababu hiyo. Lakini kila ninapowafundisha wapishi kumwaga, shaka hunishika: najua wapo wanaoondoka wakiamini kwamba iliyobaki imetakaswa.

Kiberiti nacho ni vile vile. Watu huwasha pombe kwenye kijiko, wakiona moto wa buluu wanapongezana. Ethanoli huwaka buluu, na methanoli huwaka buluu iliyofifia. Moto unakwambia pombe ni kali, basi. Hausemi ni pombe gani.

Angalieni vifo vyenyewe: Mukuru, Nairobi, mwaka 2000, zaidi ya watu 100, Kabale, Uganda, mwaka 2010, kaunti kadhaa za Kenya, Mei 2014. Idadi kama hizo katika siku chache haziwezi kutoka kwenye kangara. Hiyo ni methanoli ya viwandani, inayotengenezwa kwa ajili ya rangi na viyeyusho, ikamiminwa kwenye pombe na mfanyabiashara anayetaka pipa moja liwe mawili. Haina rangi, na inalewesha. Mama anayepikia majirani, watu atakaokaa nao matangani kesho, ana kila sababu ya kutowaua. Ethanoli yake ina madhara, nimeona maini yaliyoharibika, lakini hilo ni jambo jingine.

Kenya ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, ikaihalalisha mwaka 2010 kwa sharti la leseni na chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Nilitaka sheria hiyo ifaulu. Ila mpishi wa chungu kimoja hana mtaji wa chupa wala leseni, na kipimo cha kweli cha methanoli kiko maabara, mbali na kijiji chake.

Aliyekunywa methanoli anaweza kuonekana mzima kwa saa 12 hadi 24 kabla ya asidi fomiki, ile sumu ambayo ini huigeuzia methanoli, kumshika macho. Msisubiri alale hangova ipite. Akilalamika kuona ukungu, tumbo kuuma au pumzi kwenda mbio, mkimbizeni hospitali inayoweza kusafisha damu, waambieni madaktari alikunywa nini na saa ngapi, na kama kuna pombe iliyobaki, ibebeni.