Diski Isiyowaka Baada ya Kusasisha Mfumo Si Lazima Iwe Imekufa

Umesasisha Windows, kompyuta ikajizima, ilipowaka ikaandika "No bootable device" (haioni kifaa cha kuwashia mfumo). Wengi hukimbilia kununua diski mpya au, vibaya zaidi, kuiformati ileile. Mara nyingi diski ni nzima. Kilichovurugika ni kizigeu (sehemu iliyotengwa ya diski) kidogo cha kuwashia, chenye mpangilio wa faili wa FAT32, MB 100 hivi, ambacho hakina picha wala nyaraka zako.

Anza na BIOS, ile skrini ya mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows. Jina na ukubwa wa diski vikionekana, angalia kama SATA (njia ya kuunganisha diski) imehama kutoka hali ya AHCI kwenda RAID, au namna ya kuwasha imehama kutoka UEFI (mpya) kwenda Legacy (ya zamani). BIOS ikisasishwa nayo, huweza kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Rudisha ilivyokuwa, usiguse kingine.

Bado? Washa kwa flashi ya kusakinishia Windows (GB 8 inatosha), bonyeza Shift+F10 kufungua dirisha la amri, andika diskpart (programu ya kusimamia vizigeu), kisha list volume ili kuviorodhesha. Hapa ndipo watu hujikwaa: herufi hubadilika, Windows yako ikawa D badala ya C, na flashi yenyewe huweza kuwa FAT32, kwa hiyo tazama ukubwa. Chagua kile kizigeu cha kuwashia kwa select volume na namba yake, andika assign letter=S ili kukipa herufi S, exit, halafu amri hii ya kuandika upya faili za kuwashia (badala ya D weka herufi ya Windows yako):

bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI

Diski isipoonekana hata ukibadilisha kebo na tundu, au ikigonga tik-tik, hiyo kweli inakufa. Izime, na usiiwashe tena ila kwa kuokoa data.