"No Signal" maana yake nini, na kwa nini monita inayoandika hivyo ni nzima

Dada mmoja wa Mbagala aliyekuwa anajiandaa kufungua steshenari alinunua kompyuta ya mtumba Kariakoo, seti nzima: sipiyu, monita ya inchi 19, kibodi, mausi, na nyaya zote zimesokomezwa kwenye mfuko wa sandarusi. Dukani waliiwasha mbele yake. Windows ikafunguka, akachezesha mausi kidogo, akaridhika, akalipa. Seti ikapakiwa kwenye bajaji. Saa mbili usiku simu yangu ikaita.

"Kaka, wamenipiga. Monita mbovu. Inaandika No Signal, halafu inazima."

"Imeandika yenyewe?"

"Imeandika, nimesoma kwa macho yangu."

"Basi monita ni nzima."

Akanyamaza. Nadhani alishaanza kuniweka fungu moja na mwenye duka.

Lakini ndivyo ilivyo. Maneno "No Signal" hayatoki kwenye kompyuta. Yanaandikwa na monita, kwa taa yake na kwa kioo chake. Ndani ya monita mna bodi ndogo ya umeme ambayo kazi yake ni kuchungulia matundu ya waya wa picha: kuna kinacholetwa? Kikiletwa, kinachorwa. Kisipoletwa, monita husubiri kidogo, hukwambia kuwa haijaletewa kitu, kisha hulala ili isile umeme bure. Ukitaka kuhakikisha, chomoa kabisa waya wa picha, acha monita na waya wake wa umeme tu, uiwashe. Itaandika maneno yaleyale au ya kufanana nayo. Nyingine zitakwambia ukague waya. Kama taa ya nyuma ya kioo ingekuwa imekufa, usingeweza kusoma chochote.

Wengi tuliyajua maneno haya kwenye televisheni kabla ya kompyuta. Mvua inanyesha, dishi linayumba (la juu ya bati, siyo la kichwani), king'amuzi kinakosa mawimbi, na mtu anapanda juu huku mwingine chini anapiga kelele "hapohapo!" Ndiyo maana nimewahi kuulizwa na mtu mzima kama "No Signal" ya kompyuta inahusu intaneti. Haihusu. Kompyuta isiyo na bando wala waya wa mtandao inaonyesha picha kama kawaida. Kinachofanana ni kimoja tu: anayepokea yuko macho, ila anayeleta hajaleta.

Sasa kinacholetwa ni nini hasa? Chukua waya wa VGA, ule wenye kichwa cha buluu, ambao IBM waliuleta mwaka 1987 na mpaka leo umejaa mitumba yetu. Una pini 15 katika mistari mitatu. Pini ya kwanza inabeba wekundu wa picha, ya pili ukijani, ya tatu ubuluu, kila moja kama umeme mdogo unaopanda na kushuka. Pini ya 13 na ya 14 hazibebi rangi yoyote. Zinapiga mapigo: moja inasema mstari umekwisha anza mwingine, nyingine inasema ukurasa umekwisha rudi juu. Kwa kawaida ukurasa hurudiwa mara 60 kwa sekunde. Monita husikiliza mapigo hayo kwanza. Yakikosekana, "No Signal". Shika hili la mapigo, nitalirudia.

Kwa hiyo ujumbe huu ni taarifa, na taarifa yenyewe inakuelekeza utafute kwingine: tundu lililochaguliwa, waya, au sipiyu. (Wasomi watasema sipiyu ni kile kichipu cha ndani, siyo boksi zima. Kweli kabisa, ila nenda Kariakoo ukaulizie "boksi" uone kama hutauziwa katoni.)

La tundu ni jepesi. Monita yenye matundu mawili, tuseme VGA na HDMI, inaweza kuwa imebaki inachungulia HDMI wakati waya umeuchomeka kwenye VGA. Bonyeza kitufe cha monita cha kuchagua chanzo cha picha. Nusu dakika, na hakuna aliyeibiwa.

La nyuma ya sipiyu ndilo linalowaumbua watu. Baadhi ya mashine zina matundu ya picha sehemu mbili: yaliyo kwenye bodi kuu ya ndani, yaliyokaa pamoja na ya USB, na yaliyo chini zaidi kwenye kadi ya picha iliyochomekwa peke yake. Mashine nyingi zikiona kadi ipo, zinayafunga matundu ya bodi. Fundi wa dukani anajua, anachomeka kwenye kadi. Wewe nyumbani unaona tundu la buluu, waya wako wa buluu, unazioanisha. No Signal. Kuna na bodi ambazo matundu yake hayajawahi kufanya kazi tangu mashine ifungwe, kwa sababu prosesa yake, kile kichipu cha wasomi, haina sehemu ya picha ndani. Prosesa za Intel ambazo namba yake inaishia na herufi F, mfano i5-9400F, ziko hivyo. Bila kadi, hiyo haionyeshi hata nukta.

Halafu adapta. Mashine zilizotoka maofisini Ulaya, Dell OptiPlex na HP EliteDesk kwa mfano, mara nyingi zina tundu la DisplayPort, lile la pembe moja iliyokatwa, na monita uliyopewa ni ya VGA. Wanakuongezea adapta. Hapo kumbuka kwamba adapta nyingi zina upande wa kwenda tu, kama Kariakoo yenyewe ilivyo na mitaa ya njia moja. Ya DisplayPort kwenda VGA haiwezi kutoa picha kwenye sipiyu ya VGA kuipeleka monita ya DisplayPort, hata ikichomeka vizuri kiasi gani. Waya wa DisplayPort kwenda HDMI nao ni vilevile: DisplayPort iwe upande wa sipiyu.

Dada wa Mbagala hakuwa na kadi wala adapta. Matundu yake yalikuwa sawa, waya aliuchomoa na kuurudisha mara tatu. Nikamuuliza sipiyu inafanya nini.

"Inaunguruma vizuri tu, feni inazunguka, taa inawaka."

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Feni inayozunguka ni kama taa ya barazani: imewaka, lakini haikwambii kama ndani kuna mtu. Inathibitisha umeme umefika, basi. Sipiyu ikiwashwa hujikagua kwanza kabla ya kuchora chochote, na kitu kimoja inachokitaka mapema sana ni ramu, yaani kumbukumbu ya muda inayofanyia kazi. Ikiita ramu na isiitikiwe, inasimama palepale. Feni inaendelea, taa inaendelea, lakini mapigo ya picha hayajaanza kutumwa. Monita ya watu inaandika ilichokiona, na lawama inabeba yenyewe.

Na kwa nini dukani iitike, nyumbani ikatae? Fikiria njia iliyopita. Ramu ni kijiti kinachoshikwa na vibanio viwili vya plastiki kwenye mfereji wake. Mashine ya mtumba imeshafunguliwa na mikono mingi, pengine kijiti kilirudishwa kikabanwa upande mmoja. Mezani dukani kinashika. Ukiipakia kwenye bajaji, ukapita matuta na mashimo mpaka Mbagala ndanindani, kinainuka kidogo sana, usichoweza kukiona kwa jicho. Ongeza vumbi, ongeza hewa yetu ya pwani yenye chumvi inayofubaza shaba.

Mashine zenyewe hujaribu kusema. HP nyingi za ofisini za zamani zikikosa ramu hupepesa taa nyekundu ya kuwashia mara tano na kupiga mlio mara tano, zinapumzika, zinarudia. Mara sita ni shida ya upande wa picha. Dell nazo zina lugha yao ya taa ya njano na milio. Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, zima redio, kaa kimya, hesabu. Nilimwambia ahesabu. "Nyekundu, nyekundu... tano." Mara ya pili, tano tena.

Kilichofuata kilifanyika kwa simu iliyowekwa spika. Achomoe waya wa umeme ukutani, siyo kuzima swichi tu. Abonyeze kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Afungue ubavu wa sipiyu, aguse chuma cha boksi kwanza, kisha afungue vibanio na kutoa vijiti vya ramu, vilikuwa viwili. Ile midomo ya rangi ya dhahabu aisugue taratibu kwa ufutio wa penseli (steshenari, ufutio haukosekani), apulize makapi yake, arudishe kijiti kimoja tu, akibonyeze pande zote mbili mpaka vibanio vilie ta! ta! Kimoja kwanza, kwa sababu kama mmoja kati yao amekufa, utamjua kwa kumjaribu peke yake na kwa kubadilisha mfereji. Pawa saplai (lile boksi la umeme ndani ya sipiyu) na monita sikumruhusu kuvigusa kwa ndani. Kapasita zake, vile vitunza umeme vya ndani, hukaa na umeme hata waya ukiwa umechomolewa, na si kazi ya kufundishwa kwa simu.

Wakati anasugua, nikamweleza yale ambayo si "No Signal" ingawa hupelekwa kwa fundi kwa jina hilo. Monita ikiandika "Out of Range" au "Input Not Supported", hapo imeletewa picha, ila ya ukubwa au kasi isiyoiweza. Mwenye mashine wa zamani alikuwa na kioo kikubwa. Chomeka sipiyu kwenye televisheni ya sebuleni, shusha ukubwa wa picha, kwa inchi 19 ya mraba ni 1280 kwa 1024, kisha rudi. Picha ikitokea sekunde mbili na kuzama gizani, mulika kioo kwa tochi kwa upembeni. Ukiona madirisha kwa mbali kama kivuli, picha ipo na taa ya nyuma ndiyo iliyokufa. Mistari ya kusimama kwenye kioo? Fungua menyu ya monita yenyewe kwa vitufe vyake. Menyu nayo ikiwa na mistari, kioo ndicho kinachoumwa. Menyu ikiwa safi juu ya picha chafu, rudi kwenye waya na sipiyu.

Ikawashwa. Nikasikia mlio mmoja mfupi.

"Imekuja! Imekuja kaka!" Kisha kimya. "Mbona ya pinki?"

Nikacheka mpaka nikaaibika. Nikamwambia achomoe waya wa buluu aangalie pini ndani ya kichwa chake. Mstari wa kati utakuwa na nafasi moja tupu, pini ya tisa. Nyaya nyingi zinatoka kiwandani bila hiyo, asishtuke. Aangalie mstari wa juu. Ya pili ilikuwa imelala chali, imepinda alipokuwa anausukuma waya kwa hasira mara ya tatu. Ndiyo pini ya ukijani. Mapigo ya 13 na 14 yalifika, ndiyo maana monita haikulalamika tena. Wekundu na ubuluu ulifika, na vikikutana bila kijani, nyeupe yote inakuwa pinki. Ingelala ya tatu, angeona manjano.

Aliinyoosha kwa ncha ya kibanio cha nywele. Kesho yake akanitumia picha ya kioo, nyeupe kama karatasi, na swali kuhusu printa.