NAS imegoma kuwaka? Usikimbilie kufomati hadidiski

NAS ni kisanduku cha hadidiski kinachotunza mafaili kwenye mtandao wa nyumbani au ofisini. Naisikia karibu kwa kila mteja hapa Mwanza, awe wa Igoma au wa Capri Point: "Fundi, NAS haiwaki, data zangu zimeshakwenda." Hazijakwenda! Kilichogoma mara nyingi ni bodi au adapta. Hadidiski zinachomoka, na kwa kawaida ni nzima.

Kinachoniumiza ni anachofanya mtu akishaamini hivyo. Anachomoa diski moja, anaichomeka kwenye kompyuta ya Windows, anaambiwa haijaandaliwa au aifomati, naye anakubali. Hapo ndipo data zinapopotea kweli. NAS nyingi zinaendeshwa na Linux, diski zake zimeunganishwa kwa mdadm (programu ya Linux ya kuunganisha diski), na mafaili yamehifadhiwa kwa ext4 au Btrfs, mifumo ya mafaili ya Linux. Windows haijui kuzisoma, basi. Ikikuuliza chochote, kataa.

Chomoa diski zote umeme ukiwa umezimwa, kila moja uiandike namba ya tundu lake kwa maka peni. Washa kisanduku kitupu. Kikiwaka, zichunguze diski. Taa ikipepesa bila kukoma, anza na adapta. Usiamini mita inayosoma volti 12 wakati adapta haina mzigo: kapasita zikichoka, volti huanguka bodi inapoanza kuvuta umeme. Azima adapta nzima, volti zilezile na ampea zisizopungua. Mimi sigusi skrubu kabla ya hapo.

Bodi ikiwa imekufa kabisa, diski zinahamia kwenye NAS ya kampuni ileile inayozikubali, kwa mpangilio uleule. Ikiuliza, chagua kuhamisha, usisakinishe upya.

Wengine huniambia: "Umeme ulikatika ukaiua." Pengine. Lakini prosesa za Intel Atom C2000, zilizomo kwenye NAS za Synology DS415+ na DS1815+, zina kasoro ambayo Intel yenyewe iliieleza mwaka 2017: mawimbi ya saa ya LPC (njia ya mawasiliano kati ya prosesa na chipu nyingine za bodi) hudhoofika hadi mashine inashindwa kubuti. Kisanduku kama hicho kinaweza kukaa miaka kikiwa hewani. Siku umeme unakatika na kurudi, hakiamki. Ugonjwa ulikuwemo tangu zamani.

"Nimeona kwa kasoro hiyo ukiweka resista ya omu 100 inapona." Inaamka, haiponi. Prosesa inazidi kuchoka vilevile. Ikishaamka, nakili data siku hiyohiyo, kisha tafuta kisanduku kingine. Na kama hujawahi kushika solda, usijifunzie kwenye bodi hiyo.

"Inapata joto na kuzimika, bodi imeisha." Kwa mnaokaa kando ya ziwa, fungueni feni kwanza. Nakuta mapanga yake yamegandwa na wale wadudu wadogo wa ziwani, wakavu, wameshikana na vumbi. Brashi laini inatosha.

"Nina RAID, kopi ya nini?" RAID ni diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja. RAID 1 ya diski mbili inaandika kila kitu kwenye diski zote mbili, pamoja na makosa yako. Ukifuta faili, limefutika kotekote. Nunua diski ya nje, nakili, kaiweke kwa ndugu yako mtaa mwingine.